Shingo ya Kijivu, Kifua Cheupe

Mama Mafagio, kama wenzake walivyomwita pale machinjioni, aliwachukia kunguru kuliko nzi. Nzi angalau hutua tu. Kunguru walinyakua matumbo kabla hajayazoa, wakayadondosha juu ya paa, yakaozea huko mpaka mvua ikashuka na funza.

Kwa hiyo msimamizi alipotangaza kwamba watawaua kwa nyama ya sumu, alishukuru. Msimamizi alimweleza kwamba anayetakiwa kuuawa ni yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu, mgeni anayewamaliza ndege wa hapa. Mwenye kifua cheupe aachwe, na lile jitu lenye mdomo mnene na doa jeupe kisogoni, nalo liachwe. Mama Mafagio aliitikia huku ameziba pua. Nyumbani akamwambia mumewe kwamba yeye hana muda wa kukagua shingo za wala uozo. Kunguru ni kunguru.

Nyama akaimwaga jalalani yote kwa mkupuo.

Asubuhi aliwakuta wametapakaa, midomo wazi, ute umewaganda. Alipowageuza kwa koleo, vifua vyeupe vilikuwa vingi kuliko shingo za kijivu. Mmoja bado alikuwa akipapatika. Mama Mafagio aliinama kando ya ukuta, chai yote ikamtoka.

Msimamizi alipofika alimwagiza awachome wote pamoja. Ofisini wataambiwa wamekufa wa kijivu tu.

"Kunguru ni kunguru, mama. Nani atachungulia majivu?"

Kuyasikia maneno yake mwenyewe kinywani mwa mtu yule kulimtia kinyaa kuliko mizoga.

"Mimi nilisema hivyo nyumbani kwa uvivu, bosi. Wewe unasema ili kudanganya."

Akakataa kuwasha moto. Wale wenye vifua vyeupe akawapanga mlangoni pa ofisi. Jua lilipopanda walianza kunuka, hata mkuu wa machinjio akatoka mbio, leso puani, akauliza kulikoni. Akaambiwa yote. Msimamizi alinyang'anywa kazi ile ya sumu, akapewa mama.

Siku hizi hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwakodolea macho kunguru wakila. Kikitua kifua cheupe au doa la kisogoni, huifunika nyama ya sumu haraka. Mumewe alimtania kwamba amepata marafiki. Hakucheka. Alimjibu kwamba wote wananuka vilevile, ila hataki tena kumuua asiyehusika, kisha akamwomba ampishe akaoge.