Zakaria Ametutoka

Clémentine, mshonaji wa nguo pale Kasongo, hajawahi kuuona mchezo wa besiboli kwa macho yake. Aliingia ligi ya mtandaoni akidhani ni kandanda. Kumbe ni wachezaji wa kubuniwa: huyu anarusha mpira, yule anaupiga kwa gongo, na kompyuta ndiyo inayoamua nani kashinda. Mgeni huanzia ligi ya chini kabisa, tena kwa kuchapwa. Alichapwa mpaka akataka kuufuta mchezo wote kwenye simu. Lakini mrushaji wake mmoja chipukizi akaanza kung'ara, naye akampa jina la kaka yake, Zakaria, mchimba dhahabu wa Salamabila. Zakaria huyo akaipandisha timu ligi moja, kisha nyingine. Kila asubuhi, kabla ya kutia uzi sindanoni, Clémentine alimtazama kwanza yeye.

Sasa ilibaki mechi moja tu apande ligi kuu. Akafungua simu. Mrushaji hayupo! Katika mchezo ule watu huzeeka upesi, na Zakaria amekwisha kustaafishwa. Nani angemwambia mgeni kwamba hata mtu wa kubuni huzeeka? Akapiga ukelele:

"Mama yangu! Zakaria ametutoka!"

Nje, mama yake, Anastasie, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukamponyoka.

Neno likitoka halirudi. Clémentine alipofika mlangoni, mama yuko chini anagaagaa, na majirani waliosikia kilio wanaingia na mikeka ya matanga.

"Hapana, mama! Ni Zakaria wa mu simu! Ni muchezo!"

"Uchungu imemuchanganya kichwa," jirani Victoire akasema, akimkumbatia. "Lia, mutoto, lia."

Mama akainua uso. "Kama iko muzima, mupigie."

Hapo Clémentine akashtuka mara ya pili. Jina la kaka yake lilikuwa limezama chini kabisa ya orodha ya simu alizopiga. Hajampigia tangu kabla ya mvua. Akabonyeza. Ikaita, ikaita. Mama na majirani wakaisogelea simu.

"Allô? Clémentine?"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe Zakaria. Mama akapiga kelele ya furaha, lakini Zakaria hakucheka. Sauti yake ilijaa hofu.

"Dada, nani amekufa? Sema tu. Wewe haunipigiake bure."

Clémentine akawatazama waombolezaji, akampa mama simu.