Gitaa Alilomchagulia Kaka Yake

Wateja walimwita Kipara, naye hakukasirika, maana kinyozi yule kweli hakuwa na unywele hata mmoja wa kusingizia. "Mimi nimeshajimaliza, sasa nahudumia wengine," alikuwa akisema, na watu wakicheka kila mara kama ndiyo kwanza wanasikia. Mtu wa utani, mtu wa watu. Ungemwachia funguo za nyumba yako ukaenda zako safari na usingizi ukaupata.

Shemeji yake ndivyo alivyomwamini. Huyu alikuwa mke wa kaka yake mkubwa, mpishi wa shule, mama mwenye mikono ya kazi na kicheko cha karibu. Mumewe alikuwa fundi rangi. Siku moja aliteleza kwenye ngazi akipaka ukuta wa ghorofa, akavunjika mkono wa kushoto. Mfupa uliunga, vidole vikagoma. Daktari akasema vidole vinataka mazoezi kila siku, visipofanyishwa vitakakamaa moja kwa moja. Mzee wa watu akawa anakaa tu sebuleni akiutazama mkono wake kama kitu alichoazimwa.

Mke ndipo akakumbuka kwamba mumewe, kabla maisha hayajambana, alikuwa mpiga gitaa. Lile la ujanani mchwa walishalimaliza. Akadunduliza kimyakimya, kisha akaenda kwa Kipara pale kwenye saluni yake ya kunyolea.

"Shemeji, natafuta gitaa kavu, haya yasiyotumia umeme. Lakini mimi magitaa nayaonea kwenye televisheni tu. Twende wote, wewe ndiye unayeyajua."

Na aliyajua, tusimnyime haki yake. Aliyemfundisha ni nani? Si kaka huyo huyo! Tangu Kipara ana nywele zake kichwani, kaka alikuwa akimwambia: usinunue gitaa kwa macho. Ligonge ubao wa mbele kwa kidole, usikie kama linaitika au linanuna. Lilaze begani kama bunduki, utazame shingo kama imenyooka. Kisha bonyeza kila uzi mahali pote. Ukisikia mkwaruzo, au kidole kikiuma kabla hujamaliza wimbo, liache hapo hapo.

Dukani walikuta magitaa yamening'inizwa ukutani. Moja lilikuwa jipya, jekundu, linang'aa hadi unajiona. Jingine lilikuwa la mkono wa pili, la rangi ya chai, vumbi limelikalia, kona moja imechubuka. Shemeji alilishika hilo la vumbi kwanza.

"Hili mbona linanipendeza? Limetulia kama mume wangu."

Kipara akalipokea. Akaligonga. Lo! Lile gitaa liliitika kwa sauti ya kina, tulivu, ikakaa hewani kabla ya kuisha. Mbao nzima, si plaiwudi. Shingo imenyooka, nyuzi ziko chini, laini, hata mtoto angezibonyeza. Maisha yake yote alikuwa hajashika gitaa kama lile, na hapo hapo akalitamani liwe lake.

Akasema nini? Sikilizeni mtu mzima huyo.

"Shemeji, hili limechoka. Unasikia linavyovuma? Mbao imeoza kwa ndani hii. Utampelekea kaka ugonjwa juu ya ugonjwa. Chukua hilo jekundu."

Mdomo ulisema wenyewe. Hilo jekundu alishalijaribu: plaiwudi tupu, nyuzi zimekaa juu kama kamba za kuanikia nguo. Shemeji hakubisha. Akalilipia, tena kwa bei kubwa kuliko lile la vumbi, akatoka amelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Kipara akamsindikiza hadi kituoni, akampungia mkono. Kisha akageuka, akarudi dukani mbio kama mwizi, akanunua lile la rangi ya chai kwa fedha aliyoiweka kwa ajili ya kiti kipya cha wateja.

Mngedhani alifurahi. Wapi! Alilificha nyuma ya pazia, pale anapowekea taulo chafu. Akilitoa apige kidogo, mlango ukilia anaruka. Wateja walimuuliza mbona siku hizi utani umemwishia, akasema ni meno. Mara moja alimkwaruza mtu sikio kwa mashine, jambo ambalo halijawahi kumtokea. Na kwa kaka hakwenda. Kila akipigiwa simu na shemeji, ana kazi, ana mgeni, ana homa.

Mwisho alikwenda, maana kaka mwenyewe alipiga simu. Akamkuta sebuleni. Gitaa jekundu lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa kanga.

"Vipi, hupigi?"

"Nimejaribu, bwana mdogo. Nilijaribu mpaka machozi." Kaka aliinua mkono wa kushoto, akauangalia. "Vidole haviwezi kubonyeza hata uzi mmoja. Mkono umekwisha huu. Hata mazoezi ya daktari nimeacha, ya nini tena? Wewe si ulilichagua mwenyewe? Basi najua gitaa halina kosa. Kosa ni langu mimi."

Ukimwibia mtu kitu, utakirudisha. Sasa huyu ameibiwa mkono wake mwenyewe, na aliyemwibia amekaa mbele yake anakunywa chai yake! Kipara akaweka kikombe chini, akatoka bila kuaga, akarudi amebeba lile la rangi ya chai ndani ya mfuko wake.

"Piga hili."

Kaka alikataa kidogo, kisha akalipokea. Akaligonga kwa kidole, nyusi zikapanda. Vidole vya kushoto vikatambaa shingoni, vikatetemeka, vikabonyeza. Sauti ikatoka safi. Akarudia. Ikatoka tena.

"Umelitoa wapi?" akauliza taratibu.

Kipara akasema yote. Shemeji alilishika kwanza, yeye akamwambia bovu, akarudi akalinunua. Alitamani kaka amtukane, amrushie hata kikombe. Kaka alitazama tu mlango wa jikoni, ambako mkewe alikuwa akiosha vyombo huku akiimba.

"Yeye anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue. Yule amesimama juu ya masufuria ya watoto wa watu mpaka miguu inamvimba, apate kuninunulia mimi kitu. Leo nimwambie alichonipa ni takataka, na aliyemdanganya ni ndugu yangu wa damu? Lirudishe kwenye mfuko."

"Kaka, nimekuletea wewe, ni lako..."

"Langu liko juu ya kabati. Lishushe, uziteremshe nyuzi zake, uende zako."

Nyumba ya fundi rangi haikosi msasa. Kipara alipiga magoti sakafuni, akalegeza nyuzi, akakitoa kile kimfupa kinachozibeba, akakisugua taratibu, akikipima na kukisugua tena, jasho likimdondoka kwenye kipara. Nyuzi zilipokazwa tena zilikuwa zimeshuka. Sauti ilikuwa ya debe bado, hilo msasa haulitibu. Lakini vidole vya kaka vilibonyeza, na kipande cha wimbo kikatoka.

Shemeji alikuja mbio kutoka jikoni, mikono inachuruzika povu.

"Weee! Ni wewe huyo? Ni mkono huo huo?"

"Ni huo huo, mama. Gitaa ulilonipa ndilo limeuponya," alijibu mumewe, akimchekea yeye peke yake.

Kipara akaaga. Shemeji akamsindikiza hadi mlangoni akifuta macho kwa kiwiko.

"Mungu akuweke, shemeji. Ningeenda peke yangu siku ile wangeniibia mchana kweupe." Akaona mfuko begani mwake. "Kumbe na wewe umejipatia lako! Zuri?"

"Zuri, shemeji," alisema Kipara, akiangalia viatu vyake.