Sauti kwenye Diski za Likelemba

Kampuni ya shaba ilipokuwa inazama pale Kolwezi, chumba chetu cha mashine kilikuwa bado na ubaridi wake mzuri, na hadi leo nakikumbuka kwa hamu. Kompyuta yetu kubwa, yenye upana wa makabati mawili, tulikuwa tumeiwekea mfumo wa Linux. Kila mmoja wetu alipewa diski yake, yenye kipande cha kuhifadhia mambo yake, na kila kipande kilikuwa kidogo mno. Basi tukafanya likelemba, ule mchango wa pamoja, kama wanavyochanga kina mama wa sokoni Manika: kila mtu akabadilisha aina ya kipande chake iwe LVM, mpango wa kuunganisha diski nyingi, tukaviunganisha vyote vikawa ghala moja. Faili liliweza kuanzia kwangu likaishia kwa jirani. Raha yetu ilikuwa hiyo, kutojua tena kipi ni cha nani.

Humo ndimo mzee mmoja tuliyemwita Tata, mtunza kanda za kompyuta, alipoweka sauti ya marehemu mke wake akiimba kanisani. Kompyuta ndogo ziliungua ovyo umeme ulipokatika, kwa hiyo aliiamini hii kubwa tu. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Kisha watu wakaanza kufukuzwa, kazini na kwenye nyumba za kampuni. Mkuu wetu mpya akaamuru, "Bale benye balienda, mutoe madiske yabo." Alidhani ukitoa diski ya mtu aliyeondoka umetoa vitu vya mtu huyo tu. Nilimweleza, akaniambia nisimfundishe kazi. Mchana huohuo diski mbili zilipakiwa kwenye lori zikaenda.

Kwa kukosa vipande hivyo, ghala lote likakataa kufunguka. Tata naye alikuwa ameshafukuzwa, na kesho yake angerudi kwao Kapanga. Alikuja akasimama mlangoni.

"Mama, mi sitaki kitu ingine. Nataka tu sauti yake."

Nililazimisha ghala lifunguke hivyo hivyo, pungufu, nikanakili kilichosomeka, tukakisikiliza kwenye kompyuta ya ofisini. Mke wake aliimba ubeti wa kwanza, akaingia wa pili, kisha kimya. Sehemu iliyobaki ilikuwa imeondoka na lori. Nikaanza kumwomba radhi. Tata akainua mkono ninyamaze, akaushika wimbo pale mke wake alipouachia, kwa sauti yake nzito isiyofika juu, akauimba mpaka mwisho.