Vidole vya Mama Povu

Dada yangu ni dobi, na mtaa mzima humwita Mama Povu. Mimi ni fundi cherehani. Yeye hufua uani, mimi hushona barazani, na kutwa nzima tunataniana. Kwa miaka ishirini na sita mikono yake imeshinda kwenye sabuni na dawa ya madoa. Ngozi ilikauka, ikapasuka, ikawa inakwaruza hata nikamkataza kugusa hariri za wateja wangu. Glovu alizikataa katakata. "Doa nalijua kwa vidole," alisema. "Nikivaa mpira nimekuwa kipofu."

Ubaya wa ukaidi huo tuliujua siku binti yake, aliyeolewa nchi ya mbali, alipopiga simu: ana mimba ya miezi sita, hana mtu wa kumshika mkono, mama aje. Dada alicheza uani na beseni kichwani! Kesho yake tukaenda kuomba pasipoti, na mashine ya alama za vidole ikamkataa. Gumba, shahada, vyote kumi: skrini tupu.

"Mama, vidole vyako havina mistari," karani akasema. "Rudi baada ya wiki tatu. Ikishindikana tena, faili litapelekwa makao makuu, na huko ni miezi."

Miezi! Mimba haisubiri faili.

Nyumbani alijimiminia mafuta ya alizeti mpaka akanuka kama kikaango. Siku nne, hakuna kitu. Nikamburuta kwa mfamasia wa mtaani, mama mmoja mpole, naye akacheka.

"Dada, unapaka juu ya ngozi kavu? Mafuta hayaleti maji, yanayafungia tu yasitoke. Loweka mikono kwenye maji vuguvugu, ipanguse kidogo, upake ingali na unyevu. Na glovu utavaa, utake usitake."

Basi ikawa kazi. Asubuhi, mchana na jioni: beseni, taulo, alizeti. Akienda kulala, mafuta ya nazi, kisha soksi mikononi. Soksi zangu! Wiki ya kwanza mipasuko ikaanza kufunga. Siku moja aliingia barazani mbio, akapitisha kiganja juu ya hariri niliyokuwa nikishona, na haikunasa hata uzi mmoja.

"Umeona? Wewe, umeona?"

Nilipiga vigelegele, mwanamume mzima.

Siku ya siku ikafika. Nilimwambia atulie, lakini dada yangu kutulia hajui. Kichupa alikuwa nacho mkobani, na tulipofika mlangoni kwa karani akajipaka tena, eti kuhakikisha. Akaweka gumba kwenye kioo, likateleza. Kwenye skrini likatokea doa jeusi, basi. Akafuta kwa leso, akarudia; doa lile lile.

"Haisomi, mama," karani akasema, akalivuta faili alifunge.

Machozi yakamlenga. "Nimejiroga mwenyewe," akaninong'oneza.

Nikashika mfuko wa shati, na vidole vyangu vikagusa chaki yangu ya kuchorea vitambaa.

"Dada! Shati la mteja likimwagikiwa mafuta, unafanyaje?"

"Nalipaka chaki, iyanyonye mafu..." Hakumaliza. Alininyang'anya ile chaki, akaisaga kwa kucha, akajipaka unga vidole vyote kumi. Akahesabu kimyakimya kama afanyavyo uani, kisha akajifuta kwa upindo wa gauni. "Karani mwanangu, kimoja tu. Kimoja!"

Karani akamtazama, akalifungua faili tena. Gumba likatua. Mstari ukatokea, na mwingine, na mwingine, ikizungukana hadi ikajaa skrini. Shahada ikakubali. Vyote kumi vikakubali! Karani mwenyewe akacheka, akatugeuzia skrini tuone.

Dada akaifuata mistari ile kwa kidole. "Nilidhani sabuni imenimaliza," akasema.

Hakungoja hata ngazi ziishe. Alisimama katikati, watu wakimpita huku na huku, akampigia binti yake kwa sauti ya kusikika ghorofa zote.

"Mafuta ya kumpaka mtoto usinunue! Usinunue hata tone! Nakuja nayo, mwanangu, na mikono ya kumpakia ninayo!"