Kivimbe Tulichomsingizia Jirani

Mwanangu, ipo Jumapili moja ya ujana wangu ambayo bado inanirudia, nami nataka uijue ungali na afya.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili mtaa wa Keshero, kwa sababu mlima wa volkano, Nyiragongo, ulikuwa umelipuka na moto wake ukafunika nyumba yetu ya mjini. Wakati huo hakuna aliyemwamini mwenzake. Waasi walikuwa upande wa Rutshuru, na yeyote aliyetoka huko alipimwa kwa macho kabla ya kusalimiwa. Jirani yetu, Mama Furaha, alitoka huko. Jumapili hiyo alimletea mama kasiksi, ile pombe ya ndizi, akamkabidhi kikombe bila kuonja. Kwetu unajua: anayekupa kinywaji hukionja yeye kwanza, ili uone hakina sumu. Mama aliona haya kukataa, akanywa.

Haukupita muda, mama akamwonyesha baba kivimbe kigumu kwenye titi la kushoto. Baba hakutaka maelezo.

"Ni ule mama," alisema. "Alikupatia bila kuonja."

Basi tukaanza kutibu sumu. Mganga alileta majani ya kutapisha, na mama akatapika mpaka akashindwa kusimama. Mimi nilikuwa msichana wa wasiwasi, wa kuosha tena kikombe kilichokwisha kuoshwa, nikajipa kazi ya ulinzi. Nilifunika madumu ya maji. Nilisimama dirishani nikimvizia Mama Furaha alipopita uani. Akicheka na mtu, niliamini anatucheka sisi. Siku moja aliniuliza, "Binti, niliwakosea nini?" Nikaingia ndani, nikafunga mlango. Na kivimbe kilizidi kukua, ngozi juu yake ikawa kama ganda la chungwa.

Kisha akaja tate, bibi yangu mzaa mama, kwa pikipiki kutoka Kibati. Alimkalisha mama, akashusha pazia, akapapasa mahali pale hadi kwapani.

"Hiki ulikiona lini?"

Mama akajifunika kanga kifuani.

"Nakuuliza, mutoto yangu."

"Mbele mulima ilipuke," mama alisema kwa sauti ndogo, yaani kabla mlima haujalipuka. "Hakikuwa kinauma. Nikasema kitaisha."

Tate akamgeukia baba. "Na huyu Mama Furaha, mulimujulia wapi?"

"Hapa hapa Keshero."

"Nyuma ya mulima kulipuka, wakati mulihamia huku?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ana nguvu kweli. Alimupatia sumu mutu hajamujua bado."

Tate akashusha sauti. "Dada yangu alikufa na hii. Tulisema ni muke mwenzake. Tulimufukuza ule mwanamuke na watoto wake, na dada akakufa vilevile. Kesho munaenda hospitali."

Daktari alisema ni kansa, na kwamba angefika mapema kazi ingekuwa nyepesi zaidi. Titi likakatwa. Mama akapata miaka michache mizuri, kisha ugonjwa ukarudi, ukiwa kwenye mifupa. Baba akiwa kazini, Mama Furaha ndiye aliyekuja kumwosha. Hakutudai msamaha, na mpaka leo sijui kama alitusamehe.

Kwa hiyo nakuonya, wewe uliyezaliwa katika damu ileile. Kila mwezi, hedhi ikishaisha, jipapase polepole, matiti na makwapa. Kivimbe kisichouma ndicho nisichokiamini hata kidogo. Usiiamini pia chuchu iliyoanza kuingia ndani au kutoa damu, wala ngozi iliyobadilika. Na ukifika kwa daktari, mwambie kwetu wako waliougua; usione haya kama tulivyoona sisi. Umri huongeza hatari. Unene nao, na pombe yenyewe, hata iliyoonjwa vizuri. Lakini ugonjwa huu humpata hata asiye na lolote kati ya hayo, na wanaume pia, ingawa ni wachache. Hauambukizwi kwa kumwosha mgonjwa, wala kwa kula naye. Mimi bado ni mtu wa mashaka, mwanangu, ila nimeyahamisha: siwavizii tena majirani, nauvizia mwili wangu.

Ukikuta kitu, usiulize nani amekiweka. Nenda hospitali kesho yake.

Mungu akupe mikono isiyoogopa kujua, akupe watu wa kukusindikiza, na akufikishe kwenye uzee ambao mama yangu hakuuona.