Bi Tisini na Chupa ya Pili

Jina lake la kuzaliwa wateja walishalisahau. Walimwita Bi Tisini, kwa sababu akishampaka mtu maji ya kuchubua ngozi usoni, alihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka tisini, ndipo akafuta. Saa ya ukutani ilikuwepo ila hakuiamini hata kidogo. Miaka kumi na tisa katika chumba kimoja chenye kitanda, beseni na kioo, hakuwahi kumuunguza mtu. Alijivunia hilo, na mwacheni ajivune.

Basi asubuhi moja mteja aliyemhudumia kwa miaka kumi na moja, Mwalimu, akaingia kajitanda mtandio hadi puani. Alipoufunua, dada mkubwa wa Bi Tisini, anayefua taulo pale saluni, aliliachia beseni likaanguka. Mashavu yalikuwa mekundu, yamevimba, yanatoa maji.

"Nani kakufanya hivi?" Bi Tisini akauliza.

"Wewe," Mwalimu akasema. "Dawa yako ileile, siku hizi iko supamaketi. Nimeijua kwa harufu. Nimehesabu mpaka tisini kama unavyohesabu, nikafuta."

"Na maziwa je?"

"Maziwa gani?"

Maji yale yana mwenzake, chupa nyeupe ya maziwa ya kuzima ukali. Usipoyapaka, maji yanaendelea kula ngozi hata ukishafuta. Wakala wa dawa hiyo alikuwa akiwauzia watu wa saluni chupa mbili zimefungwa pamoja kwa mpira. Lakini mteja hulala macho yamefunikwa kwa pamba. Miaka yote hiyo Mwalimu aliinusa ya kwanza, ya pili hakuwahi kuiona. Na Bi Tisini, tuseme ukweli tu, alimficha kwa makusudi. Mtu akizijua zote mbili, saluni atafuata nini?

"Miaka kumi na moja hukuniambia," Mwalimu akasema. Akajifunika tena, akaenda zake hospitali.

Bi Tisini alilia, kisha akanawa uso, akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" dada yake akauliza.

"Supamaketi. Chupa ya pili lazima watu waione."

"Ukawafundishe kujipaka wenyewe? Mdogo wangu, unajikaanga kwa mafuta yako!"

"Niache nijikaange, dada."

Alikuta chupa za maji zimepangwa kati ya dawa za meno na shampuu, juu yake karatasi: Ngozi ya saluni, nyumbani kwako. Maziwa hayakuwepo. Alizunguka duka zima mpaka akayaona kwenye rafu ya watoto, ubavuni mwa nepi. Aliyepanga aliona chupa nyeupe imeandikwa "hulainisha", akadhani ni losheni ya kichanga. Lo, salale!

Meneja, mtu mzima mwenye tai na haraka zake, alimsikiliza nusunusu akiwa amesimama, Bi Tisini akimweleza kuwa maziwa yamewekwa kwenye nepi.

"Mama, mpangilio unatoka makao makuu. Andika malalamiko, tutayashughulikia."

"Lini?"

"Mwezi ujao hivi."

Bi Tisini akatoa chupa yake mkobani, akakunja mkono wa gauni, akajimiminia maji yale mkononi. "Moja," akaanza. "Mbili."

Meneja akacheka kidogo. Ilipofika tisini, Bi Tisini hakufuta. Mia. Mia na kumi. Ngozi ikawa nyekundu, machozi yakamtoka, na sauti haikutetereka.

"Mama, futa basi!"

"Kufuta hakutoshi. Maziwa yenu yako wapi? Mia na ishirini."

Meneja akatoka mbio. Alipekua dawa za meno, akapekua shampuu, akawapigia kelele watu wa kaunta, nao hawajui. Wateja wakaacha vikapu wakaja kushangaa. Aliporudi na chupa nyeupe, tai imehamia mgongoni, hesabu ilikuwa mia mbili na kumi na nne.

"Iko kwenye nepi!" akapiga kelele, kana kwamba Bi Tisini hajui.

"Si ndicho nilichokuwa nakuambia?" Bi Tisini akasema, akijipaka maziwa.

Makao makuu walipigiwa simu baadaye. Adhuhuri ileile meneja aliketi sakafuni mwenyewe na mipira ya kufungia, akizifunga chupa mbili mbili, na Bi Tisini kamsimamia, mkono unamwaka moto, akimtajia maneno ya kuandika kwenye karatasi mpya.

Wateja walipungua, si siri. Kuna waliompungia mkono njiani, nyuso zinang'aa, wamejipaka nyumbani. Taulo za kufua zikawa chache, na dada hakuacha kulisema hilo. Ila kila mlango ulipofunguka, Bi Tisini aliinua kichwa haraka. Alikuwa akimngoja mtu mmoja.

Mwezi wa nne tangu siku ile, Mwalimu akaja. Mashavu yalikuwa yamepona, limebaki doa jeusi karibu na taya. Akautazama mkono wa Bi Tisini, kovu lake limeenea kama kiganja. Hakuuliza, mtaa mzima ulishalisimulia.

"Daktari ameniruhusu," akasema, akavua viatu, akapanda kitandani.

Bi Tisini akachukua pamba za macho.

"Hizo weka kando. Leo naangalia."

Bi Tisini akazirudisha pamba. Akaziweka chupa zote mbili kwenye stuli, usawa wa macho ya Mwalimu, akampaka tone moja nyuma ya sikio kwanza, kujaribu.

"Moja," akasema.

"Mbili," akaitikia Mwalimu, macho wazi.