Meno ya Ukutani

Ukimgusia fundi seremala huyu habari za misumeno, kaa kitako kabisa. Diski za mashine yake zimetundikwa ukutani, na kila asubuhi huzipangusa kwa kitambaa cha mafuta, taratibu kama anaogesha kichanga. Hii ya meno machache makubwa ni ya kupasulia mbao. Ile ya meno mengi madogo ni ya plaiwudi, isichanike. Shemeji yake alilisikiliza somo lote huku mlango wa plaiwudi wa kabati lake ukikatwa. Moshi ukafuka, na ukingo ukatoka mweusi, umetafunika kama umeliwa na panya.

“Shemeji, mbona ile ya plaiwudi bado iko ukutani?”

Fundi akamtazama kama ametukanwa. “Niifunge kwenye mashine? Si itaisha meno!”